Kikao Kilichoazimia Kufunga

Lile gari jeupe lililotukatisha pumzi wiki jana, msomaji, sasa limezima injini. Wameshuka wawili. Wa kwanza ni dereva, amebeba sanduku la chuma, tupu, lenye kufuli mbili. Wa pili ni bwana mrefu wa koti la kijivu, na swali lake bado linaning'inia hewani: "Katibu wa bodi ni nani hapa?"

Mama aliyekuwa akikunja mashuka kwenye benchi la nje aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Ni mimi."

"Vizuri. Nimekuja kuchukua dawa."

Kwa anayejiunga nasi leo, niseme kwa ufupi. Nyumba hii ina vitanda kumi na viwili. Hulazwa humo watu ambao hospitali imewaambia haina la kuwafanyia tena. Hapa hawaponywi. Hapa wanaondolewa maumivu, wanaogeshwa, wanasikilizwa, mpaka siku yao ifike. Inaongozwa na bodi ya watu watano wa mtaa, wasiolipwa chochote, na Katibu wao ni mshonaji wa nguo aliyejifunza kuandika akiwa na miaka thelathini na tisa, kwenye darasa la jioni. Dawa anayoitaka huyu bwana ni ile kali ya maumivu. Bila hiyo, Nyumba ni vitanda tu.

Katibu aliuliza dawa inachukuliwa kwa kosa gani.

Bwana huyo, afisa wa ofisi ya vibali vya dawa, alishangaa, na mshangao wake haukuwa wa kuigiza. "Kwani hamjafunga?"

"Tumefunga. Tangu alfajiri."

"Basi. Dawa kali haikai kwenye nyumba iliyofungwa. Ndiyo sheria."

"Lakini wagonjwa wanakula kama kawaida," Katibu alisema. "Waliofunga ni bodi."

Wakatazamana. Kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu aliyeamka na homa. Mwishowe Afisa akafungua jalada lake, akachomoa karatasi moja, akampa. Mwandiko ulikuwa wa Katibu mwenyewe, herufi za duara zilizopangwa kama vifungo vya shati.

*Bodi imeazimia kwa kauli moja kufunga kuanzia siku ya Alhamisi, mpaka Mungu atakapofungua njia.*

Aliisoma mara ya kwanza, hakuona kosa. Aliisoma mara ya pili, akaketi juu ya mashuka yake.

Ee Mungu wangu. Kufunga.

Ilikuwa hivi. Kibali cha Nyumba cha kuweka dawa kali kilikuwa kinaisha, na ofisi ya vibali ilikuwa kimya. Jumatatu bodi ikakaa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu tu, akasema kwa sauti yake ya taratibu kwamba anapendekeza wafunge. Ustadhi akaafiki papo hapo. Mchungaji akasema amina kabla sentensi haijafika mwisho. Bucha, yule muuza nyama, akauliza kama kunusa mchuzi kunahesabiwa, wakacheka wote. Mtu akiketi katikati ya mchungaji na ustadhi, neno kufunga lina maana moja tu: kukaa na njaa mbele za Mungu. Katibu akaandika alichosikia.

Jumanne ofisi ikaagiza kwamba maombi ya kibali yaambatanishwe na muhtasari wa kikao cha mwisho. Katibu akaupeleka mwenyewe, kwa mkono, amevaa gauni lake la ibada.

Maombi ya kuifungua Nyumba yakaenda yakiwa yamebanwa kwa pini na azimio la kuifunga.

Afisa hakuwa mtu mkali. Alisikiliza maelezo yote, akakuna kidevu, hata akatabasamu kidogo. Lakini alisema yeye ameletewa karatasi, karatasi ina saini mbili, na mkubwa wake haamini tafsiri za barazani. Mwenyekiti aje, au aandike kwa saini yake ni kufunga kupi walikokusudia.

"Nakusubiri mpaka saa kumi," alisema. "Baada ya hapo sanduku linajaa, na hawa wagonjwa watatafutiwa pa kwenda."

"Hawana pa kwenda. Ndiyo maana wako hapa."

Afisa akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane kasoro robo.

Katibu alipiga simu ya Mwalimu mara tatu. Haikupatikana. Akaingia ndani kuchukua mkoba wake, na ili kufika kwenye mkoba ilimbidi apite kitanda cha nne.

Kitanda cha nne ni cha wifi yake. Mume wa Katibu alipofariki, ndugu zake wote walitawanyika, akabaki huyu dada mmoja. Miaka kumi na mitatu wamegombana, wamesutana, wamekula sahani moja. Sasa amekonda hadi pete inavalishwa uzi isidondoke.

"Wifi," aliita, macho yamefumbwa. "Hilo gari nililosikia ni la wageni au limenijia mimi?"

"La wageni."

"Afadhali. Maana nywele zangu hizi, nisingekubali kutoka nazo."

Katibu akacheka, kisha akageukia ukutani ili afute macho. Tangu Jumamosi maumivu ya wifi yalikuwa yamepanda. Dawa iliyokuwa ikimtuliza kwa muda wa saa sita haikumtuliza tena hata kwa saa moja. Sista, muuguzi mkuu, alisema ugonjwa umehama, umeingia kwenye mifupa. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua.

"Saa kumi uwepo unishike mkono," wifi alisema. "Ile dawa siku hizi inanipita kama haijaniona."

"Nitakuwepo."

"Umeapa?"

"Nimeapa, wifi."

Getini alikutana na Bucha anashusha nyama kwenye pikipiki yake, aproni kifuani, buti za mpira miguuni. Alikuwa rafiki wa mume wake tangu ujana, na mpaka leo humwita shemeji. Akaanza kulalamika kwamba amefunga, halafu tangu asubuhi anakata nyama, kwa hiyo Mungu akimhesabia thawabu, amhesabie mara mbili. Kisha akauona uso wa Katibu, akaacha utani.

"Panda," alisema. "Utanieleza njiani."

Alimweleza. Bucha alicheka sana habari ya kufunga, akasema Mwalimu atalimaliza kwa mstari mmoja, ndiye aliyewafundisha wote kuandika. Upepo uliwapiga usoni. Katibu alisali bila kufumba macho, kwa maana aliogopa kuanguka: Bwana, nimeandika kwa nia njema, usiwaadhibu wagonjwa kwa kalamu yangu.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa imefungwa, lakini redio ilikuwa inasema ndani. Bucha akabaki na pikipiki barabarani. Katibu akagonga. Redio ikanyamaza. Akagonga tena, akajitaja. Zikasikika hatua za mtu anayetambaza viatu, kisha kitasa.

Mlango ulipofunguka, kitu cha kwanza kumfikia Katibu kilikuwa harufu ya mayai ya kukaanga.

Mwalimu alisimama mbele yake na chembe za mkate kwenye ndevu. Nyuma yake, mezani, sahani ilikuwa imeliwa nusu, na uma umelala juu yake.

Katibu aliitazama sahani, kisha uso wa mzee. Huyu ndiye aliyependekeza. Huyu ndiye aliyesema tufunge.

"Mwalimu," alisema. "Unakula."

Mzee akarudi ndani, akapapasa kiti kabla ya kukikalia.

"Mimi nilisema tufunge," alisema. "Sikumwambia mtu asile."

Msomaji, kaa hapo kidogo. Watu watano walipiga kura kwa kauli moja, na kauli hiyo moja ilikuwa mbili. Wanne waliazimia kushinda njaa. Mmoja aliazimia kuifunga Nyumba. Na karatasi aliyoishika Afisa ilisema kweli kuliko Katibu alivyojua.

"Ulijua sisi tumeelewa vingine?"

"Nilijua Mchungaji aliposema amina. Nikaona ni heri. Nikanyamaza."

Katibu alimwambia kuna sanduku la chuma linasubiri saa kumi. Alimwambia wako wagonjwa kumi na wawili. Alimtajia wifi yake. Alipoona hayo yote hayamgusi, akamuuliza jambo ambalo hakuwahi kuota kwamba atamuuliza mtu aliyemshika mkono kuandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Mwalimu, unaogopa nini?"

Mzee aligeuza uso kumtazama, na hapo ndipo Katibu alipoona. Hakumtazama yeye. Alitazama kalenda iliyokuwa ukutani, hatua moja kando ya bega lake, na akazungumza na ile kalenda.

"Neno hilo lina maana ya tatu, binti yangu. Mtu anaweza kufungwa."

Kisha akaeleza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Miezi saba sasa macho yake hayaoni zaidi ya vivuli. Hakumwambia mtu. Kabati kubwa la dawa lina kufuli mbili. Ufunguo wa moja unakaa kwa Sista, wa pili unakaa shingoni mwake. Kila Jumamosi wanalifungua pamoja, anahesabu chupa, zinatolewa za wiki nzima, anatia saini. Miezi saba alihesabu kwa vidole. Saini alimwomba Katibu amtilie, akisema mkono unatetemeka.

Katibu alikumbuka. Alikuwa akitia saini kwa niaba yake kila Jumamosi jioni anapopitia daftari, bila kulitazama kabati. Alikuwa akijiona ameaminiwa.

"Jumamosi iliyopita Sista aliitwa wodini, akaniacha na chupa," Mwalimu aliendelea. "Kifuniko kimoja kilikuwa kimelegea. Kidole kikalowa. Nikakilamba, nikasubiri uchungu."

Akagusa midomo yake kwa kidole.

"Naijua ladha yake. Marehemu mke wangu nilimnywesha mwenyewe, miezi mitatu, kila mara natangulia kuonja. Ni chungu, inang'ang'ania ulimi mpaka kesho. Hii haikuwa na kitu. Nikafungua ya pili. Nikafungua ya tatu."

"Maji," Katibu alisema.

"Maji."

Barabarani Bucha alikuwa akipiga mluzi.

Katibu akakumbuka maneno ya wifi. Dawa siku hizi inanipita kama haijaniona. Tangu Jumamosi. Wifi yake amekuwa akibana meno kwenye mto tangu Jumamosi, na Sista akisema ugonjwa umehama.

"Ulizionja," alisema, "kisha ukaacha zipelekwe kwa wagonjwa."

Mwalimu aliweka viganja vyote viwili mezani, kama mtoto anayesubiri fimbo. Alisema aliogopa. Alisema daftari lina saini miezi saba, na atakayeulizwa ni mwenye saini. Alitaka Nyumba ifungwe kwa heshima, kibali kikiisha, kabati likabidhiwe, na yeye awe amekwisha kwenda kuishi kwa mwanawe, mbali. Hakujua ni nani aliyetia maji. Hakutaka kujua.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo.

Basi Katibu akafanya biashara aliyojutia papo hapo. Akatoa karatasi mkobani, akaandika: *Kufunga kulikoazimiwa na Bodi ni kujizuia kula na kunywa kwa ajili ya sala. Nyumba haijafungwa.* Akamwambia atie saini.

"Nitatia," Mwalimu alisema. "Na wewe utanyamaza hilo la pili. Ukilisema, tutafungwa wawili. Mwandiko ni wako."

Katibu aliukamata mkono wa mzee, akauweka mahali pa kusaini, kama mzee alivyouweka wake zamani. Saini ikatoka imepinda. Mwalimu akavua uzi shingoni, wenye ufunguo, akamtupia mapajani. Akasema hataki kuugusa tena.

Njiani kurudi, Katibu alishindwa kulibeba peke yake. Alimweleza Bucha yote mgongoni mwake, kwa kupaza sauti juu ya mngurumo wa pikipiki: macho ya Mwalimu, chupa, maji, saini. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote aliyomjua, Bucha hakuwa na mzaha. Alipunguza mwendo. Akasimamisha pikipiki kando ya barabara, akageuka.

Alisema kwa upole kwamba amwamini. Wampe Afisa karatasi, aende zake. Kibali kipatikane. Halafu wao kama bodi walichunguze hilo la maji kimyakimya, ndani ya familia. Afisa akilisikia leo, Nyumba itafungwa kweli, na hakuna kikao kitakachoifungua.

"Umeshamwambia nani mwingine?" aliuliza.

"Wewe tu."

"Basi libaki hapo, shemeji."

Lilikuwa neno la busara. Katibu aliitikia kwa kichwa.

Waliingia getini saa kumi kasoro dakika kumi. Sanduku la chuma lilikuwa mlangoni, mdomo wazi. Bucha alibaki nje kupanga nyama yake. Afisa alisoma ile karatasi, akaisoma tena, akailinganisha saini na ya zamani.

"Mbona imepinda?"

"Ni mzee," Katibu alisema. Huo haukuwa uongo. Lakini alijua Mungu anasikia hata ambacho hakikusemwa.

Afisa akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akamwambia dereva arudishe sanduku garini. Akasema siku nyingine wakitaka kukaa na njaa, waandike njaa.

Kwa hiyo Nyumba ilikuwa imepona. Sista alimkumbatia Katibu mpaka kofia ikamdondoka. Mgonjwa wa kitanda cha saba, aliyekuwa amesikia kila kitu kupitia dirishani, alipiga makofi mawili dhaifu. Afisa aliomba aione wodi kabla ya kuondoka, na wakampitisha.

Ndipo saa ya ukutani ikapiga kumi.

Sista alifungua kisanduku kidogo cha dawa za siku, akatoa chupa ya kahawia, akamimina kwenye kikombe cha kipimo mpaka kwenye mstari. Akaenda kitanda cha nne. Wifi alikuwa amekunja miguu hadi kidevuni. Uso ulikuwa wa kijivu. Alipoona kikombe alifungua kinywa, na macho yakamtafuta Katibu.

"Umekuja," alisema. "Nishike."

Katibu alimshika. Ulikuwa mkono mwepesi kama kitambaa kilichobaki baada ya kukata gauni. Hatua tatu kutoka hapo Afisa alikuwa anavaa kofia yake. Dakika moja. Akinyamaza dakika moja tu, gari litaondoka, Nyumba itabaki, saini itabaki daftarini, na wifi atakunywa maji akiamini ni dawa, usiku kucha, na kesho, na keshokutwa.

Alijaribu kusali. Sala haikuja. Kilichokuja ni kinywa cha wifi yake, kimefunguliwa, kikisubiri.

"Ngoja, Sista."

Akakichukua kikombe mkononi mwa Sista. Hofu ikamwambia, vipi kama mzee alikosea? Vipi kama umempokonya mgonjwa dawa yake kwa maneno ya mtu asiyeona? Midomo ilikuwa mikavu tangu alfajiri. Akakiinua kikombe, akanywa chote.

Sista alipiga kelele, mara moja, akaziba mdomo wake mwenyewe.

Katibu alisubiri uchungu. Alihesabu kimoyomoyo mpaka tano, mpaka kumi. Aliuvuta ulimi kwenye kaakaa, akautafuta. Hakukuwa na kitu. Yalikuwa maji ya bomba, na kwa mtu aliyekuwa na kiu tangu alfajiri yalikuwa matamu, na utamu huo ulimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kuonja.

"Hii siyo dawa," alisema. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine. "Bwana Afisa, usiende. Onja."

Afisa alirudi. Alidondosha matone kutoka kwenye chupa mpaka kwenye kiganja, akalamba. Akakunja uso, akalamba tena. Akavua kofia.

Katibu akasema yote akiwa amesimama, mkono mmoja bado umeshikwa na wifi. Alisema Mwalimu haoni. Alisema saini za miezi saba ni mkono wake yeye, na kwamba hakuwahi kuhesabu chupa hata moja. Alisema kama ni kufungwa, wamfunge, lakini kwanza watu hawa kumi na wawili wapate dawa, leo, kabla jua halijazama.

Sista alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani. "Nilisema ugonjwa umehama," alirudiarudia. "Nilimwambia ajikaze. Siku tano nimemwambia ajikaze."

Afisa hakumtukana mtu. Aliagiza dereva apige simu, iletwe dawa kutoka hospitali kuu kwa jina lake yeye, na asisubiri saini ya yeyote. Kisha akafunga mlango wa wodi, akasimama mbele yake.

"Kabati kubwa lina kufuli mbili," alisema. "Naombeni funguo."

Sista akafungua pini kwenye sare yake, akaweka ufunguo juu ya kimeza cha kitanda cha nne. Katibu akautoa ule uzi mkobani, akaweka wa pili kando yake. Afisa aliziangalia.

"Mmoja haufungui bila mwingine. Kwa hiyo ni wewe Sista na Mwenyekiti, pamoja. Au sivyo?"

Sista akatikisa kichwa, machozi yanashuka. Katibu aliijua mikono ya Mwalimu na aliijua ya Sista, na hakuweza kuiwazia ikimimina maji pamoja.

"Kuna nyingine mbili kama hizo."

Waligeuka wote. Aliyesema ni wifi. Alikuwa amefungua macho, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, lakini maneno yalikuwa wazi.

"Zimefungwa kwenye pete moja. Nilimwona Ijumaa, kupitia kioo cha chumba cha dawa. Sista alikuwa upande wa wanaume anaogesha. Alikuja hadi hapa kwanza, akanitazama. Nikafumba macho. Alidhani nimelala."

"Kwa nini hukusema, wifi?"

"Nilidhani bodi imemtuma. Si mmoja wenu?"

Katibu aliinama mpaka sikio likakaribia midomo ile mikavu. Akauliza ni nani.

Wifi akavuta pumzi ili ataje jina. Hakulitaja. Nje, kwenye korido, buti za mpira zilikuwa zinakuja, taratibu, zikinata sakafuni hatua kwa hatua. Katibu aliona macho ya wifi yake yakipanuka, kisha yakafumbwa. Kinywa kikalegea kama cha mtu aliyezama usingizini. Chini ya shuka, vidole vyake vikavibana vya Katibu hadi mifupa ikauma.

Buti zikasimama mlangoni.

"Shemeji," sauti ikaita, kwa upole ule ule wa barabarani. "Mbona mmejifungia? Hujanisaliti, au siyo?"

Na kitasa kikaanza kuzunguka.